Uzi Mweupe, Uzi Mweusi

Dalili ya mvua ni mawingu, husema watu,
lakini nimeyahesabu mimi mawingu mangapi
yaliyopita juu ya paa letu hapa Langoni
yakaenda kunyesha Pate.
Ndiyo kazi iliyonilea: ukarani,
miaka thelathini na moja ya magunia yaingiayo na yatokayo.
Gunia nisiloliona sikuliandika.

Kwa hiyo Bwana Shali aliponiambia,
"Majani ya Bi Rukiya, usiku mmoja tu, nililala kama gogo,"
nilimuuliza: na wale waliokunywa wakakesha,
wao huketi baraza gani?
Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe.

Nilikwenda hata hivyo. Macho yalikuwa yameishinda hoja.
Bi Rukiya alikuwa akichambua pojo, hakuinua kichwa.
"Ndoo, kaa. Mato yako mekundu."
Kisha, kabla ya jani, kabla ya bei:
"Upande wa ukutani, alala nani?"
Nikasema hapana mtu, tangu Mfunguo Nne.
Akanyamaza muda wa kuchambua kiganja kizima.
Akanipa majani makavu, jina lake hakulitaja,
na sharti moja: kahawa tungu mwisho alasiri.

Mpwa wangu Tima, asomaye uuguzi,
alicheka, kisha akaacha kucheka.
Alikausha majani ya mpera, akayaponda kama yale,
akatia rehani kotekote ili pua isije ikapeleleza,
akafunga vifungu ishirini:
kumi kwa uzi mweupe, kumi kwa uzi mweusi.
"Usiniulize," akasema. "Hata uso wangu usiutazame."
Na mimi niliyekuwa kila alfajiri, macho makavu,
nikiungoja mweupe upambanuke na mweusi,
niliuelewa utani wake.

Usiku wa tatu, mweusi: nimelala tangu saa nne.
Usiku wa sita, mweupe: punda wawili wamegombana kichochoroni.
Je, kosa ni la jani au la punda?
Wa tisa umeme ulikatika, feni ikafa,
joto likanikalia kifuani.
Wa kumi na mbili, matari ya maulidi mpaka adhana;
nilikesha, lakini kwa furaha.
Safu ya furaha sikuwa nimeipiga.
Wa kumi na tano nilisinzia kikombe kingali cha moto, sijakigusa.
Huo nao niuweke wapi?

Na shahidi ni nani? Aliyelala hajui kwamba amelala;
asiyelala huapa amekesha usiku kucha
hali mto umelowa mate.

Mweupe: sita kwa kumi.
Mweusi: tano.
Tima akatoa karatasi aliyoifukia ndani ya pipa la mchele.
Mweupe ulikuwa mpera.

"Tofauti ya usiku mmoja," akasema, "hata punda huileta.
Usiku kumi ni chache. Hazithibitishi, hazikanushi."
Nilitaka kufurahi kwamba nilishuku mapema.
Sikufurahi. Maana ukurasa wa nyuma,
kabla ya jani lolote, kwa mkono wangu mwenyewe:
mbili kwa kumi.

Nikamrudia Bi Rukiya na daftari kwapani, nikamsomea.
"Mpera?" Akacheka hata ungo ukapinduka.
Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso.
"Na kahawa uliyoiacha, umeiandika?
Na kikombe cha saa ile ile, kila usiku?
Na lile swali langu, umelitia safu gani?"

Niliinama kuokota pojo pamoja naye,
moja moja, bila kuhesabu.

Usiku wa ishirini na moja nilichemsha maji matupu.
Nikajilaza upande wa ukutani.
Daftari liko wazi bado mezani, kalamu juu yake.
Mstari ule sijaujaza.